Ngiri Aliyenunua Kiasi

Sogeeni. Sogeeni karibu, msikae mbali kama watu waliokuja kudai mahari. Nyamizi, mwachie mdogo wako hicho kigoda. Lubango, funga mdomo, inzi akiingia atatoka na kisa changu. Nyamazeni kabisa, nimsikie hata panya kule darini anavyomnong'oneza mkewe.

Nikiita "Chungu!" itikieni "Kiko mekoni!"

Chungu!

— Kiko mekoni!

Kina nini?

— Kina kisa!

Tukile chote?

— Tubakize konzi!

Haya. Mmejibu vizuri, ingawa hamjui mmejibu nini. Mtajua.

Hapo zamani, zamani zile mawe yalikuwa bado laini, Ngiri alikuwa akila amesimama kama ng'ombe. Mkia wake ulining'inia chini kama mkia wa mnyama mwenye adabu. Na nyumbani kwake aliingia kichwa mbele, kama mimi na wewe. Msinicheke. Mliyemwona porini ni mjukuu wake.

Ngiri huyo alikuwa na mke. Watu wote walimwita Mama Sifuni, kwa jina la binti yao wa kwanza. Nyuma ya Sifuni walikuwepo wengine watatu, wadogo, wenye matumbo yasiyojaa.

Waliishi katika shimo la kale. Lilichimbwa na Muhanga, yule mchimbaji mwenye masikio marefu, tena si Muhanga huyu mnayemjua, babu yake. Akahama. Akaingia Nungunungu. Akahama. Ndipo wakaingia wao. Shimo hilo lilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa jua. Mlikuwa na kibuyu cheusi cha kunywea maji. Mlikuwa na mkeka wenye kiraka. Na pembeni, kimefukiwa mpaka shingoni, mlikuwa na chungu chenye ufa alichopewa Mama Sifuni na bibi yake. Chungu cha kupikia sikihesabu, hata mchawi anacho.

Nje kilisimama kihenge, lile kapu kubwa la kuwekea chakula, kimejaa ndago. Ndago mnazijua: vile viazi vidogo vya chini ya majani, vinavyomliza mkulima na kumchekesha ngiri.

Na Mama Sifuni alikuwa na desturi yake. Kila alipotaka kupika, alichota ndago kihengeni akazitia kwenye ungo. Kisha akatoa konzi moja, kiasi cha kujaza kiganja, akalirudisha ndani ya chungu chenye ufa. Akasema:

"Hili si letu. Hili ni la kesho, na kesho ina Mwenyewe."

Ndivyo alivyofanya bibi yake, na mama wa bibi yake. Usiniulize ngiri na kwato zake anakunjaje konzi. Katika ngano kila mtu ana mikono.

Mumewe alikuwa akimcheka. "Mama Sifuni, kwani Mungu ana njaa?"

"Mungu hana njaa, Baba Sifuni. Wanao ndio wenye njaa."

Basi, katika nchi hiyo chemchemi ilikuwa moja tu. Mlinzi wake alikuwa Bibi Tembo, na mkononi alikuwa na kata ya kutekea maji. Kila mnyama kata moja asubuhi, kata moja jioni, mkubwa kwa mdogo. Yeye mwenyewe alikunywa mwisho. Kwa hiyo vikaja viangazi vikapita, na chemchemi haikukauka.

Siku moja Bibi Tembo akawaita wanyama wote. Akasema, "Wajukuu zangu, meno yangu yamekwisha. Natafuna majani kama mtu anayetafuna maneno. Mwenyezi Mungu alitupa chemchemi moja, hakutuwekea ya akiba. Kata hii nitamwachia mtu ambaye nyumba yake inaishi kwa kiasi. Mwezi ukiandama mara ya tatu nitapita nyumba kwa nyumba. Msiniandalie kitu."

Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyeyasikia. Kila mmoja alikuwa ameshaanza kuandaa.

Ngiri akarudi nyumbani kifua mbele. "Mama Sifuni! Kata ni yetu. Na mwenye kata hunywa kwanza."

"Mwenye kata hunywa mwisho, Baba Sifuni. Bibi Tembo hujamwona?"

"Nimemwona. Ndiyo maana kazeeka."

Akaanza kuzunguka ndani ya shimo. Akatazama kibuyu. Akatazama mkeka. Akatikisa kichwa. "Shida yetu ni moja. Kiasi tunacho, lakini hakionekani. Tazama kibuyu hiki kilivyo cheusi! Mtu akikiona atasema hawa ni maskini. Kiasi kina sura yake bwana, na umaskini una sura yake."

"Mungu hazijui sura hizo?"

"Mungu anazijua. Nawazungumzia majirani."

Kabla hajafunga mdomo, wakasikia wimbo njiani:

"Kiasi, kiasi, nani hana kiasi?
Cha kale kitupe, kipya kichukue,
Muumba akione, majirani wakione!"

Alikuwa Nyani na tenga lake kichwani. Huyo Nyani hajawahi kulima, hajawahi kufinyanga, hajawahi kusuka. Lakini bidhaa hakosi.

"Hodi wenyewe! Kaka Ngiri, habari za uchamungu? Shemeji, naona unazidi kung'aa."

"Pita, Nyani," akasema Mama Sifuni. "Yaani pita uende."

Nyani akacheka kama mtu aliyekaribishwa, akaketi. Akatoa kibuyu chekundu, kimesuguliwa mpaka kinateleza. "Kaka, hiki ni kibuyu cha kiasi. Tazama. Kina pambo?"

"Hakina," akasema Ngiri.

"Tazama tena. Hakina hata moja! Na huo utupu wake umemchukua fundi siku nne."

Ngiri akakishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Siku nne za utupu," akanong'ona. "Unauzaje?"

"Kitu cha kumcha Mungu hakiuzwi, kaka. Nipe tenga moja la ndago, kama sadaka. Na hicho cheusi nipe nikakutupie mbali, kisikuchafulie kiasi."

Mama Sifuni akakitazama kibuyu chake kikiondoka. Shingoni kilikuwa na alama nne za meno, za Sifuni alipokuwa anaota meno na hakuna kilichomtuliza ila kukitafuna kibuyu kile. Akataka kusema neno. Lakini mumewe alishafika kihengeni, anachota.

Jioni akapika. Akachota ndago, akarudisha konzi. "Hili si letu. Hili ni la kesho, na kesho ina Mwenyewe."

Mwezi ukafa, ukaandama. Nyani huyo!

"Kiasi, kiasi, nani hana kiasi?
Cha kale kitupe, kipya kichukue,
Muumba akione, majirani wakione!"

"Kaka Ngiri, nimetoka kwa Pundamilia. Amejiandaa yule! Lakini wewe... mkeka wenye kiraka? Loo. Bibi Tembo atasema umeweka kiraka kwa makusudi, ili uonekane mnyenyekevu. Hayo yanaitwa majivuno."

Ngiri akashtuka. Hakuwahi kujua kwamba kiraka chake kilikuwa na majivuno.

"Kiraka hicho nilikishona mimi," akasema Mama Sifuni, "kwa sababu palikuwa na tundu."

"Shemeji, sikatai. Lakini tundu lenyewe lingekuwa na unyenyekevu zaidi."

Mkeka ukaenda. Ukaja mwingine, wa unyenyekevu, uliokuwa unachoma mbavu. Nyani akaondoka na matenga mawili ya ndago, na Mama Sifuni akapiga kihenge kwa kwato, du, du. Zamani kiliitika kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Sasa kiliitika kwa sauti ya ngoma.

Akatazama juu. Wingu hakuna. Akawatazama wanawe wanne wamelala juu ya ule mkeka, wanajigeuzageuza. Moyo wake ukasema: kihenge hiki kikiisha kabla ya mvua, kwa nani nitaenda kubisha? Akachota kidogo kuliko jana. Akarudisha konzi hata hivyo.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yake, Mama Kanga, kuomba moto. Kanga akamkaribisha, akamletea maji.

"Kunywa, shoga, uone mambo. Kibuyu kipya hicho! Cha kiasi! Kimenigharimu, lakini kwa ajili ya Mungu mtu hahesabu."

Mama Sifuni akakipeleka mdomoni. Akasimama hapo hapo. Kibuyu kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu mpaka kimekuwa cheupe. Lakini shingoni, ah! Shingoni kulikuwa na alama nne za meno.

"Shoga," akasema polepole, "na kile chako chekundu ulikipeleka wapi?"

"Nyani alinisaidia kukitupa kwanza, hiki akaniletea baadaye."

Mama Sifuni akataka kucheka, chozi likatangulia. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinatupa vitu vyake na kununua vya jirani. Pundamilia kalalia mkeka wa Ngiri, Ngiri kalalia wa Pundamilia, wote mbavu zinawauma. Kilichohama kikaenda kukaa mahali pamoja ni ndago, na hizo zilikuwa juu kwa Nyani, katika pango la mwamba.

Akarudi mbio akamwambia mumewe.

"Kibuyu chetu kilikuwa cheusi," akasema Ngiri.

"Kimesuguliwa!"

"Mama Sifuni, wivu si kiasi."

Nendeni mkabishane na mtu wa namna hiyo. Mimi siwezi.

Mwezi wa pili ukafa. Nyani akaja mara ya tatu, na safari hii hakuimba wimbo wote, aliimba nusu, kama mtu aliyezoea nyumba. Akachungulia pembeni. "Kaka, nasikia kuna chungu humu. Tena kina ufa."

 Mama Sifuni akasogea taratibu, akakikalia.

"Shemeji, inuka basi tukuone."

"Nimekaa."

"Umekalia nini?"

"Nimekalia changu."

"Mama Sifuni, usiniaibishe mbele ya mgeni," akasema Ngiri.

"Baba Sifuni, uliapa kunitunza, nami niliapa kukutii. Lakini chungu hiki hakikuwepo kwenye kiapo."

Nyani akamtazama yule mama. Akayatazama meno yake, ambayo ngiri jike pia anayo, na si ya kuchezea.  "Hata hivyo," akasema upesi, "nikitafakari, tatizo si chungu. Tatizo ni shimo. Kaka, mtu mzima unaishi katika shimo la babu wa watu? Bibi Tembo atauliza, juhudi yako iko wapi? Ukitaka kuishi kwa kiasi lazima uanze upya. Uanze chini. Nakuletea Muhanga akuchimbie."

Muhanga akaja, akachimba siku saba, akalipwa ndago, na Nyani akalipwa kwa kumleta Muhanga. Shimo jipya likawa na vyumba vitatu: chumba cha kulala kwa kiasi, chumba cha kusali kwa kiasi, na chumba cha wageni watakaokuja kutazama kiasi. Udongo uliotoka humo ulifanya kilima, na Ngiri akawa anapanda juu yake kila asubuhi kutazama nani anatazama.

Wakahama, na kihenge chao. Mama Sifuni akakiacha chungu kule kule, kimefukiwa. Kila jioni akachota ndago, akachukua konzi lake, akatembea mpaka shimo la kale, akalirudisha. "Hili si letu. Hili ni la kesho, na kesho ina Mwenyewe." Majani ya njia yakaisha kwa kukanyagwa.

Zikabaki siku mbili Bibi Tembo aje. Ngiri akasema, "Nitafanya karamu."

"Karamu ya nini?"

"Ya kumshukuru Mungu kwa kiasi alichotujalia."

"Baba Sifuni, kihengeni zimebaki za kukanyaga na mguu mmoja! Watoto watakula nini?"

"Mama Sifuni, imani. Wewe huna imani. Jambo la Mungu lifanyike kwa ubahili?" 

Wakaja jirani wote. Akaja Pundamilia, akaja Kanga na vifaranga vyake kumi na mbili, akaja Fisi, ambaye haalikwi. Nyani alikaa mbele. Ngiri akasimama akasali, na sala yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba Fisi alikula mara mbili ndani yake.

"Ee Mwenyezi Mungu! Tazama, hatuna makuu! Tazama vyumba vyetu vitatu visivyo na makuu! Tazama kibuyu chetu, utupu wake wa siku nne! Wengine wanajisifu, ee Mungu, lakini sisi, hakuna anayetufikia kwa kutojisifu!"

"Amina," akasema Fisi, mdomo umejaa. "Jirani, kama kiasi ndicho hiki, mimi nimechelewa kuamini. Niongezee."

Kihenge kikaisha. Mama Sifuni aliingiza kichwa ndani yake, akasikia pumzi yake mwenyewe ikimrudia.

Jioni ya siku ile watoto walilamba ungo. Kesho yake walilala na njaa. Mama Sifuni alitazama njia ya shimo la kale. Akasema moyoni, bado. Wakilia kesho nitakwenda.

Kesho ikafika, na Bibi Tembo akafika nayo.

Alikuja polepole, kata inaning'inia kwenye pembe yake. Ngiri akapiga mbio kumpokea. "Shikamoo Bibi! Karibu! Karibu katika kibanda chetu duni!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona naona kilima, sioni kibanda?"

Kwa ukubwa wake hakuweza kuingia. Akapiga magoti mlangoni, akatia mkonga ndani, akaanza kupapasa na kunusa chumba kwa chumba. Mnajua pua ya tembo. Huwezi kuidanganya kwa majivu.

Mkonga ukagusa kibuyu. Fuu! "Hiki kinanuka Kanga."

Mkonga ukagusa mkeka. Fuu! "Huu unanuka Pundamilia."

Mkonga ukazunguka vyumba vyote vitatu, ukapapasa kuta, ukatoka. Bibi Tembo akatikisa masikio. "Mjukuu wangu, mimi naona nimepotea. Nyumba hii ni ya Ngiri? Maana nimenusa kila mtu humu, isipokuwa Ngiri."

"Ni... ni upya huo, Bibi. Vitu vyote vipya. Vyote vya kiasi."

"Aha. Basi nipe kitu kimoja humu ndani kilicho cha zamani kuliko mwanao Sifuni."

Ngiri akatazama huku. Akatazama kule. Jasho likamtoka mpaka kwenye vile vinundu vya uso mnavyoviona.

"Humu... humu hamna uzee, Bibi."

"Na vya zamani viko wapi?"

"Nilivitupa. Ili niishi kwa kiasi."

Bibi Tembo akaketi mlangoni.  Halafu akasema, "Haya. Nimetembea kutoka alfajiri. Mgeni hula nini hapa?"

Kihenge kilikuwa pale pale, kitupu. Upepo ulipita ndani yake ukapiga mluzi. Ngiri akaona hana pa kutokea. Akajitupa chini akapiga magoti, macho akayafumba. "Ee Mungu, tulishe! Ee Mungu, shusha!"

"Endelea, mjukuu wangu," akasema Bibi Tembo. "Ni jambo jema. Usiinuke mpaka upate."

Mama Sifuni alikuwa ameshaondoka. Alifuata njia yake iliyokwisha majani, Sifuni nyuma yake. Akafukua chungu kwa pua na kwato. Ufa wake ulikuwa umezibwa kwa nta, nta juu ya nta, ya bibi na ya mama wa bibi. Ndani kilijaa: makonzi ya masika, makonzi ya kipupwe, makonzi ya kiangazi, kila siku konzi moja, makavu, matamu. Wakakibeba wawili mpaka kwa mgeni.

Akachota ndago akazitia kwenye ungo kwa ajili ya Bibi Tembo. Akajaza. Akawasha moto. Halafu mkono wake ukasimama.

Akawatazama wanawe wanne wamejipanga, macho kwenye ungo. Akamtazama yule mgeni, mkubwa kuliko vitu vyote. Akatoa konzi moja, akalirudisha chunguni.

"Mama Sifuni!" Ngiri akafoka akiwa pale pale magotini, kwa sauti ya kunong'ona ambayo kijiji kizima kiliisikia. "Una wazimu? Unampunja Bibi Tembo konzi? Mmwagie zote! Kata itatupotea!"

Bibi Tembo akainamisha kichwa. "Ni kweli, binti? Unanipunja?"

 Mama Sifuni alijua wazi: akilitoa konzi lile, atampendeza mgeni, na huenda kata ikaja. Akilirudisha, huenda ikaenda kwa mwingine, na kiangazi ndicho hicho mlangoni. Lakini midomo ilishazoea, ikasema yenyewe.

"Sikupunji, Bibi. Hili si lako, wala si letu. Hili ni la kesho, na kesho ina Mwenyewe."

 Fisi, aliyekuwa amejificha nyuma ya kilima kusubiri masalio, akachungulia.

Bibi Tembo akanyoosha mkonga ndani ya chungu. Fuu. Akavuta pumzi ndefu. "Hiki," akasema, "kinanuka Ngiri. Kinanuka mama yake, na bibi yake, na mikono ya watu waliokwisha kufa wakiwa wameshiba."

Ndago zilipoiva akala kidogo, na nyingi akawasukumia watoto. Kisha akaivua kata kwenye pembe yake, akaitundika kwenye jino la Mama Sifuni. Jino lile lilikuwa limenyooka. Kwa uzito wa kata likapinda juu, mpaka leo.

"Mtu akija kwako na kiu, ataomba maji yote," akamwambia. "Mfalme ataomba yote. Mumeo ataomba yote. Mimi nilitafuta mtu anayeweza kumrudishia kesho konzi lake hata mbele ya aliye mkubwa kuliko yeye."

Kiangazi kikaja, na kilikuwa kiangazi chenye meno. Mama Sifuni akateka kata moja asubuhi, kata moja jioni, mkubwa kwa mdogo, na yeye akanywa mwisho. Alimtekea Kanga. Alimtekea Fisi. Hata Nyani aliposhuka mwambani ulimi nje, alimtekea.

"Shemeji, niongezee kidogo."

"Hicho ndicho kiasi, shemeji. Chukua, hakina pambo."

Na chemchemi haikukauka.

Haya, nipeni masikio, mjue nani alirithi nini.

Mama Sifuni alirithi kata, na baada yake Sifuni, na kile kibuyu chenye alama za meno kilirudi nyumbani kwa miguu ya Mama Kanga mwenyewe, kwa aibu.

Fisi alirithi shimo la vyumba vitatu. Yumo mpaka leo, na kila akiikumbuka ile sala, anacheka. Mnamsikia.

Nyani alirithi ndago za kijiji kizima. Alizikalia juu ya mwamba kuzilinda mpaka makalio yakawa mekundu, nazo zikaota ukungu chini yake. Tangu hapo hana imani na ghala, chakula chake anakificha mashavuni.

Na Ngiri? Ngiri aliambiwa asiinuke mpaka apate, na kila akipata anaona bado hajapata. Kwa hiyo anakula kwa magoti. Alirudi katika shimo la mtu mwingine, la kale, na kizazi chake chote hulala humo humo. Anaingia kinyumenyume, kichwa nje.

"Unachungulia nini, Baba Sifuni?" mkewe alimwuliza.

"Nachungulia adui."

 Mama Sifuni alijua anachungulia kama Nyani atapita na tenga. Na akikimbia, mkia wake husimama wima, kwa sababu kiburi hakikumwisha chote. Kilichobaki kimepanda mkiani.

Funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: kiasi hakinunuliwi. Mungu hakukwambia utupe ulichonacho ili uonekane huna. Alikwambia ukitunze, ukizibe ufa, ukile na mwenzio, na konzi moja ulirudishe, maana kesho si mali yako. Na mtu akija mlangoni kukuuzia unyenyekevu, mfungulie mbwa... hapana, mpe maji, kisha mwambie apite aende.

Chungu nimekifunika. Ninyi mmerithi maneno, mimi nimebaki na sauti ya kukwaruza. Nyamizi, kabla hujakoka moto wa ugali, lete ule unga nione. Konzi lake liko wapi?